Kitabu cha Cherehani ya Masele

Nyarugusu, Geita
6 Agosti 2023

Shangazi Limi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na ng'ombe wako na kuku wako wote. Sisi huku hatujambo. Asteria yuko darasa la pili na ameanza kunisahihisha hesabu mbele ya wateja. Michembe ya viazi uliyotutumia iliisha kwa siku tatu, na mwizi mkubwa alikuwa Enock, baba yake Asteria. Akitoka kuchimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, anafikia jikoni kabla hata ya kunawa. Anakusalimu sana.

Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako yamegoma. Mara ya mwisho nilikuambia Asteria ana homa, ukanijibu kwamba hata Didia mvua bado. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, na barua nampa kondakta wa basi la asubuhi.

Shangazi, cherehani ya Baba imeharibika. Fundi mmoja wa Geita aliifungua kuisafisha, akairudisha vibaya, na tangu siku hiyo inaruka. Inashona mishono mitatu, inaacha mitano. Unajua kazi yangu ni maturubai ya kufunikia midomo ya maduara, na vyerehani hivi vyepesi vya siku hizi haviwezi turubai, vinavunja sindano tu. Ile ya Baba ndiyo pekee hapa inayoweza. Mwenye kibaraza ninachoshonea, Mama Mwamvua, ameniambia kwa upole wake wote kwamba mwaka ukiisha mashine ikiwa bado imelala, kibaraza anampa mwingine. Sina pengine pa kwenda nayo.

Ninachoomba ni kimoja. Wazee walipogawa vitu vya Baba, kichwa cha cherehani walinipa mimi, nacho nakizungusha kwa mkono, na meza yake ya miguu ya chuma wakakupa wewe. Kwenye droo ya ile meza kulikuwa na kitabu cha maelekezo, kile chembamba chenye jalada la kijani. Nakikumbuka vizuri. Kila mashine ilipomsumbua, Baba alivaa miwani, akakifungua, kidole kikapita chini ya mistari na midomo ikicheza, kisha akainuka na kuitengeneza. Tafadhali nitumie, nitakitunza kama yai na kukurudishia.

Mwanao,
Martina


Didia
3 Septemba 2023

Mwanangu Martina,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kwa sababu kondakta aliiacha kwa muuza mbolea, na muuza mbolea akaenda kwenye msiba Tinde. Nimeipata ina harufu ya dawa ya pamba.

Mimi mzima. Pamba mwaka huu haikuwa mbaya. Ndama wa yule ng'ombe mwekundu amekufa, mama yake alilia siku mbili nikashindwa kukamua. Mjomba wako Januari ameezeka nyumba, sasa anatembea kijijini shingo juu kana kwamba bati amelitengeneza yeye. Masikio yangu ni yaleyale. Kanisani naangalia midomo ya watu ndipo nijue tunaimba wimbo gani.

Mwambie Enock michembe mingine ipo, ila ajifunze kunawa.

Umesema fundi mmoja wa Geita. Fundi gani? Masele, Mungu amrehemu, hakumruhusu mtu kushika skrubu ya mashine ile, na wewe ulikua ukiliona hilo. Nashangaa ulimpa mtu usiyemjua hata jina.

Meza ipo. Nimeweka mtungi wa maji juu yake. Kikanyagio bado kinafanya kazi, wajukuu wa jirani wanakipanda wakija.

Msalimie mjukuu wangu, na ahesabu kwa sauti ndogo.

Shangazi yako,
Limi


Nyarugusu
17 Septemba 2023

Shangazi Limi,

Shikamoo. Pole kwa ndama. Asteria amekuchorea ng'ombe mwekundu, nimemweka ndani ya bahasha hii. Miguu mitano si kosa langu.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kitabu. Umeniambia habari za meza, mtungi na kikanyagio, lakini droo umeiruka. Shangazi, nakuheshimu, ila mimi ni mtoto wa Masele na sitaacha kuuliza.

Sijakaa tu. Geita mjini kuna kijana mmoja anaitwa Adam, ana duka la kuchapa na kutoa nakala. Nilimpelekea picha za mashine, akaingia kwenye mtandao. Kumbe duniani kuna watu wazima wanaokusanya vyerehani vya zamani na vitabu vyake, wanaandikiana kama sisi! Mmoja akatuma kitabu, Adam akakichapa chote, nikarudi nacho Nyarugusu kwenye bodaboda nimekikumbatia. Nilipokifungua nikaona picha ya mashine inayofanana na yetu, ila uzi wa chini umekaa kwenye kidude cha mviringo. Yetu ina kile kichuma kirefu alichokuwa Baba akikiita mtumbwi. Si kitabu chetu. Sasa wanasema bila namba ya mashine hawawezi kunisaidia, na namba siioni popote. Kwenye jalada la kitabu chetu iliandikwa kwa wino, nakumbuka.

Naomba ufungue droo. Kama kitabu kimeliwa na mende, nitumie hata jalada.

Mwanao,
Martina


Didia
22 Oktoba 2023

Martina,

Marahaba. Ng'ombe wa miguu mitano nimembandika ukutani.

Droo nimeifungua. Haina kitu. Kitabu hakimo, na usiniulize tena kiko wapi.

Mvua ya kwanza imenyesha, tumeanza kulima. Kama mashine imekufa, nunua nyingine. Vitu vya marehemu vina mwisho wake.

Na bado hujanitajia jina la fundi.

Limi


Nyarugusu
5 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu, wote wazima, na mvua huku imeanza kwa fujo. Wachimbaji wanakuja kibarazani kila siku kuuliza maturubai na mimi nawaambia kesho. Nimechoka na hilo neno.

Jina la fundi ni Martina. Ndiyo, ni mimi. Mashine ilikuwa nzito kuzunguka, nikaona aibu kumwita mtu, mimi mtoto wa Masele. Nikaifungua mwenyewe, nikatoa nguzo inayoshika sindano, nikaisafisha mpaka ikang'aa, na nilipoirudisha sikujua ilikaa wapi. Kisha katika kujaribu nikapitisha sindano kwenye kidole cha shahada. Kimepona, ila kucha imeota upande. Nilikudanganya kwa sababu nilijua utasema yale uliyokwisha kusema.

Sasa sikiliza. Namba nimeipata. Nilikwangua uchafu na mafuta chini ya mashine kwa mswaki siku nzima, ikatokea tarakimu moja moja. Adam akaituma, na baada ya wiki mbili ikaja nakala ya kitabu chetu chenyewe, jalada la kijani, picha ya mtumbwi na kila kitu. Nilipokiona nililia pale dukani, Adam akaniletea soda.

Kiko kwa Kiingereza. Nimemaliza kidato cha nne, si haba. Nimekisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, nikafanya kila kinachosemwa. Mstari wa kwenye nguzo ya sindano nimeulinganisha na ukingo wa chuma kama kwenye picha. Nimerudia mara kumi na moja.

Inaruka vilevile.

Wiki hii muuza chipsi amekuja kupima kibaraza kwa hatua, mimi nikiwa nimekaa hapohapo. Mama Mwamvua aliangalia pembeni. Ana haki, naye anakula kwa kibaraza hicho, lakini iliniuma kupita kiasi.

Shangazi, Baba alisoma kitabu hikihiki na mashine ikashona miaka thelathini. Mimi nina kitabu, nina macho, nina shule kumzidi. Ninakosa nini? Kama unajua, niambie. Kama hutaki kuniambia, basi niambie hivyo ili niache kungoja basi la Didia.

Martina


Didia
19 Novemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa kidole. Nilijua ni wewe tangu barua ya kwanza, maana mtu akiharibiwa kitu na fundi hutaja jina lake mara nne na kumtukana mara tano.

Mimi mzima na ng'ombe wazima. Sasa kaa chini, na mtume Asteria dukani.

Baba yako hakujua kusoma.

Tulikuwa wawili na ng'ombe walikuwa wengi. Baba yetu mzee Mageni alisema mmoja achunge, mmoja asome. Masele alikuwa mkubwa, zamu ya shule ilikuwa yake. Akasema Limi aende, yeye atachunga. Hakutaka kusema sababu, na mimi sikuuliza, nilikimbia shuleni kabla hawajabadili mawazo. Nilisoma mpaka darasa la saba. Yeye hakuvuka mlango wa darasa hata siku moja.

Aliponunua cherehani ile kwa mzee mmoja wa Shinyanga mjini, kitabu kilikuja nayo. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na yasiyoeleweka nilimpelekea mwalimu Zamoyoni pale shuleni, nikisema ni maswali yangu mwenyewe. Nikayaandika yote kwa Kiswahili pembeni mwa kurasa, kwa kalamu. Kisha nikamsomea Masele mpaka akayashika kichwani. Ulipomwona kidole kinapita na midomo inacheza, alichokuwa anakisoma ni sauti yangu. Wateja waliheshimu fundi mwenye kitabu, naye aliipenda sana heshima hiyo, na mimi nilipenda aipate. Hakuna aliyejua, hata mama yako.

Alipofariki, watu walijaa nyumbani. Nikamwona mjomba wako Januari amefungua droo anapekua. Nikaogopa. Angeona mwandiko wangu kila ukurasa, na kabla ya jua kuzama Didia nzima ingejua. Nikakichukua. Tulipomvika koti lake kabla ya kufunga sanduku, nikakiweka ndani ya koti, upande wa moyo. Kwa hiyo usiniulize tena kiko wapi. Kiko na mwenyewe.

Wiki moja baadaye wazee wakagawa vitu. Mmoja akasema, huyu Limi mashine ataifanyia nini, mpeni meza. Wote wakaitikia. Nikaipokea meza, maana kusema ningesema nini bila kumvua nguo aliyekufa? Lakini iliniuma, Martina. Bado inaniuma. Ulipoandika kuhusu miwani na kidole, nilikasirika na wewe bila kosa lako. Nisamehe.

Na nilikosea. Nilimficha yeye nikakuzikia wewe mkate wako. Sasa chukua karatasi nyingine, kwa sababu yaliyokuwa pembeni mwa kurasa zile bado ninayo kichwani.

Nawa mikono. Kaa gurudumu likiwa kulia kwako, na fanya kazi hii mchana kwenye mwanga. Toa sindano uitazame. Ina upande wenye mfereji mrefu na upande uliobapa juu. Mfereji utazame kule uzi unakoingilia, ubapa uutazame mtumbwi. Hilo limo kitabuni na bila shaka umelifanya.

Linalofuata kitabuni halimo. Kitabu kile kilichapwa enzi za sindano ndefu. Zilipoacha kuletwa madukani, Masele akanunua hizi za sasa, ambazo ni fupi kidogo, na mashine ikaanza kuruka kama yako. Tulikaa nayo wiki mbili, yeye anazungusha, mimi naandika. Ndipo tukajua kwamba kitabu hakisemi uongo, ila kinasema habari za sindano nyingine. Kwa hiyo ule mstari usiulinganishe na ukingo wa chuma. Legeza skrubu ya nguzo, shusha mpaka mstari uonekane chini ya ukingo kwa unene wa punje moja ya mpunga. Mpunga wenye maganda, na punje iwe imelala, siyo imesimama. Kaza skrubu.

Sasa toa kibati cha chini ili uone. Zungusha gurudumu kwa mkono, kuja kwako, taratibu, sindano ishuke mpaka mwisho halafu ianze kupanda. Ikishapanda unene wa punje nyingine, ncha ya mtumbwi iwe inapita nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu la sindano. Ikipita chini ya tundu, nguzo bado iko juu, ishushe. Ikipita mbali juu ya tundu, umeshusha mno. Usikate tamaa mara ya tano. Masele aliipata mara ya tisa, akatoka nje akacheza peke yake uwanjani, na kuku wakakimbia.

Kwa turubai: legeza skrubu ya uzi wa juu nusu mzunguko. Pitisha kipande cha sabuni kavu mahali mshono utakapopita, sindano itateleza. Pale turubai linapokunjwa mara nne, usikazane na gurudumu kwa nguvu za hasira. Sukuma kwa kiganja, pumua, sukuma tena.

Mafuta: tone moja kila tundu, na mtumbwi upake kwa kitambaa tu. Mafuta yakizidi hapo utachafua kazi ya mtu.

Nikikumbuka jingine nitaandika. Ukishaelewa, ichome barua hii.

Shangazi yako,
Limi


Nyarugusu
10 Desemba 2023

Shangazi yangu Limi,

Shikamoo, shikamoo tena. Wote wazima. Asteria amefunga shule, ni wa nne darasani, na anasema mwalimu alikosea kujumlisha.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro siku mbili. Nilikasirika. Nilimkasirikia Baba kwa kunidanganya, na wewe kwa kumsaidia. Enock akaniuliza nina nini, nikamwambia sindano. Siku ya tatu nikawaza mtu mzima aliyeshika kichwani kitabu kizima kwa kusikiliza tu, mpaka skrubu ndogo kabisa, akanishonea sare tangu darasa la kwanza. Hasira ikaniisha. Nikaenda kwa jirani kuomba punje ya mpunga. Akanipa kibaba, akidhani tuna njaa.

Nilishusha nguzo. Mara ya kwanza iliruka. Mara ya nne ikashona shibiri moja ikakata uzi. Niliona ncha ya mtumbwi inapita chini ya tundu, nikashusha unywele mmoja tu. Mara ya saba nikazungusha, nikasikia ule mlio wake. Shangazi, nilishona turubai lote kutoka ukingo hadi ukingo na haikuruka hata mara moja. Nilipiga kelele, wachimbaji wakadhani nimejichoma tena.

Nimeshashona maturubai kumi na manne. Muuza chipsi alipokuja na meza yake, Mama Mwamvua alisimama mlangoni akamwambia, "Baba, hapa pana fundi. Kwani husikii mashine inavyolia?" Mkataba wa kibaraza amenipa hadi mwisho wa mwaka ujao.

Lakini barua sikuichoma, na sitaichoma. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja anaitwa Zuhura kutoka Katoro, ana cherehani kama yetu, imelala miaka sita kwa ugonjwa huohuo. Nikamfanyia kwa punje, ikafufuka. Akaleta wenzake wawili. Nikampigia Adam, akawaambia wale watu wa mtandao kwamba kuna mtu Didia anajua jinsi ya kuitumia mashine ile kwa sindano za sasa. Wameuliza maswali mpaka Adam akazima simu. Anataka kuyachapa maelekezo yako kijitabu, kwa Kiswahili, na picha nitachora mimi. Habari za koti na za shule hazitakuwemo, nakuapia. Nitayanakili ya mashine tu.

Ila Adam ameniuliza, juu aandike maelekezo ya nani? Nikataka kusema ya Masele, maana wengi huku wanamjua. Mdomo ukakataa. Naomba uniambie wewe, na lolote utakalosema ndilo nitakaloandika.

Mwanao,
Martina


Didia
7 Januari 2024

Martina,

Marahaba. Mzima. Mahindi yametoka vizuri.

Barua yako nilikaa nayo Krismasi nzima. Jana nilimwita Januari na wale wazee waliogawa vitu, nikawapikia, walipokwisha kula nikawaambia yote: shule, ng'ombe, kitabu, koti. Januari alilia. Yule mzee wa "mpeni meza" aliniomba radhi, sikusikia maneno yake ila niliyaona mdomoni, nikamwambia arudie ili niyaone tena.

Mwambie Adam aandike hivi, asipunguze neno:

Maelekezo haya yaliandikwa na Limi Mageni wa Didia. Aliyeyajaribu na kuyathibitisha ni kaka yake, Masele Mageni, fundi cherehani, ambaye hakusoma ili dada yake asome.

Limi Mageni